Kila Dirisha na Kona Yake

Ukimtaka Kona, usimwulizie kwa jina lake. Hata mkewe ameliacha. Ulizia Kona, na yeyote katika ofisi yetu atakuonyesha mwanamume mwembamba wa makamo, shati limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi, kalamu mbili mfukoni, zote zimeelekea upande mmoja. Jina hilo nilimpa mimi na sijutii. Kazi yangu ya pili hapa, baada ya kupokea simu, ni kuwabatiza watu.

Ofisi yetu ni ya kupokea simu za magari ya wagonjwa. Ni chumba kimoja kirefu chenye mapazia mazito, feni inayolalamika tangu nilipoajiriwa, na meza tatu. Kila meza ina kompyuta moja na skrini tatu zilizosimama bega kwa bega. Mtu akianguka nyumbani kwake, simu inalia kwetu. Tunatafuta gari lililo karibu, tunamtuma dereva, kisha tunatafuta hospitali yenye kitanda. Yote hayo hufunguliwa kwenye brauza, kila jambo na dirisha lake: dirisha la simu, dirisha la vitanda, na dirisha la ramani, ambamo kila gari ni kidoa cha rangi ya chungwa kinachotembea. Madereva wetu wana desturi moja. Kabla hawajang'oa gari, huita kwenye redio, "Unaniona?" Nasi hutazama ramani na kujibu, "Nakuona." Bila jibu hilo, dereva haendi.

Sasa, kompyuta hizo huzimwa na kuwashwa upya kila zamu inapobadilika. Ndio utaratibu wa Mkubwa wetu, na utaratibu wa Mkubwa haujadiliwi. Zikiwaka, madirisha yote hufunguka kwenye skrini ya kati, yamerundikana kama nguo zilizoanuliwa kambani mvua inakuja. Basi kila anayeingia zamu alikuwa anaanza kuyaburuta kwa kipanya: ramani huku, vitanda kule, hapana, rudi, umepitiliza. Na simu inalia. Mimi nilikuwa nikiyatukana madirisha hayo. Kona alikuwa akiyatazama tu, mikono kidevuni.

Siku moja akaja anameremeta.

"Dada, nimeandika skripti."

"Umeandika nini?"

"Maagizo. Kompyuta inayasoma mstari kwa mstari na kuyafuata. Fungua ramani. Ipeleke skrini ya kushoto. Ipanue ijae. Fungua simu, ziweke kati. Wewe unaandika jina lako la utani tu, unabonyeza, na kila dirisha linakwenda kwenye kona yake."

"Na lisipotaka?"

"Halina hiari, dada."

Lilikuwa nayo. Siku ya kwanza alikosea hesabu, akalisukuma dirisha la simu kushoto mno, likapita ukingo wa skrini ya mwisho na kwenda kukaa mahali pasipo na skrini yoyote. Limefunguka, linafanya kazi, ila haliko popote. Na papo hapo simu ikaanza kulia humo. Tunaisikia, hatuioni. Mkubwa akaingia. Yeye hutembea kimya, unamgundua akishafika. Akainama kuchungulia chini ya meza.

"Inalia wapi hiyo?"

"Nje ya skrini, Mkubwa," Kona akasema.

"Nje wapi?"

Kona, maskini, akaonyesha ukuta. Mkubwa akautazama ukuta, akatutazama sisi mmoja mmoja, akatoka. Mimi nikaipokea simu hiyo kwenye meza ya pili huku machozi ya kicheko yananichuruzika, na mtu wa upande wa pili akaniuliza kama nami naumwa.

Hesabu ilirekebishwa, na tangu hapo skripti haikutuangusha. Lakini kilichonivutia si kompyuta. Kilichonivutia ni kwamba Kona hakumpa kila mtu mpangilio uleule. Kwa wiki nzima alikaa akitutazama tunavyofanya kazi, mpaka nikamwuliza kama amenipenda. Kisha akatugawia. Mimi ni mfupi wa kimo, ingawa si wa maneno, basi ramani yangu aliishusha chini nisiwe nainua shingo kama kuku anayekunywa maji. Mwenzetu anayeandika kwa mkono wa kushoto alipangiwa kila kitu kinyume na sisi. Kuna mmoja alikuwa na tabia ya kusahau vitanda mpaka gari limefika hospitali, huyo vitanda aliwekewa katikati ya uso, asivikwepe. Akanuna siku mbili, kisha akashukuru.

"Umejifunzia wapi haya?" nilimwuliza tukinywa chai.

"Kwa mama yangu."

"Mama yako anajua kompyuta?"

Akacheka. Mama yake, akasema, alilea watoto kibao katika chumba kimoja, na kila jioni alitandika mikeka. Anayekohoa alilazwa karibu na mlango apate hewa. Anayeota ndoto mbaya, ubavuni mwa mama. Mwenye mateke, ukutani, aupige ukuta. Kona mwenyewe alikuwa mwoga wa giza, basi alilazwa palipoangukia mwanga wa taa ya barabarani. Hakuna aliyepewa nafasi kwa ukubwa wa mwili wala kwa kelele zake.

"Kaka yetu mkubwa alipoondoka kwenda kutafuta maisha," akasema, "sisi tulifurahi, tukajua nafasi imepatikana. Mama akatandika mkeka wake palepale. Tukalalamika. Akatuambia, mkeka wa mtu hautolewi eti kwa sababu hayupo. Akirudi alale juu ya midomo yenu?"

"Alirudi?"

"Huja na kuondoka. Mkeka upo."

Ndiyo maana Kona hafuti mpangilio wa mtu. Waliohama, waliostaafu, hata yule aliyekaa nasi mwezi mmoja akakimbia kelele za feni, majina yao yote yamo kwenye mashine mpaka leo. Mkewe analalamika kwamba nyumbani ni hivyo hivyo, viatu vimepangwa mlangoni kwa ukubwa na vijiko vinalala ubavu kwa ubavu. "Iko siku nitaamka," aliniambia, "nikute na mimi nimehamishiwa sebuleni." Lakini alisema hivyo akitabasamu, na mwanamke anayelalamika akitabasamu hana shida.

Nimesema meza ni tatu. Ya katikati ni ya Mama Redio.

Huyu ndiye aliyetufundisha kazi sote. Sauti yake ikitoka kwenye redio, dereva aliyechanganyikiwa hutulia, na dereva mvivu huamka. Amefiwa na mume, watoto wameoa na kuolewa, na mjukuu wake alipomtembelea kazini siku moja alibandika stika ya kifaranga cha manjano kwenye fremu ya skrini yake ya kushoto. Mkubwa aliiona, akafungua mdomo, akamtazama Mama Redio, akaufunga. Kwenye skrini hiyo ya kifaranga ndipo Mama alipopenda ramani yake ikae. Vitanda kulia, simu kati. Mpangilio wake Kona aliuita "redio".

Mwaka jana Mama akapata kiharusi. Mungu mkubwa, hakikumchukua. Akarudi kwetu mikono inafanya kazi, miguu inatembea, sauti ileile. Tulimpokea kwa vigelegele, na mimi, niliyejidai sina machozi, nililia mpaka pua ikavimba. Siku hiyo tukaagiza chakula tukala pamoja ofisini. Mama akala, akaweka kijiko chini, akasema, "Jamani, mbona mmenipakulia kidogo hivi? Mgonjwa si ndiye anayeongezwa?"

Nikatazama sahani yake. Nusu ya kulia ameikomba ikang'aa. Nusu ya kushoto hajaigusa.

Nikaigeuza sahani, ile nusu iliyojaa ikaja kulia kwake.

"Kumbe bado kipo!" akasema, akaendelea kula kwa furaha.

Kona aliacha kutafuna. Mlangoni alikuwa amesimama Mkubwa na kikombe chake cha chai, ametazama kila kitu. Kisha akaenda zake. Baadaye binti yake Mama akatueleza: macho ya mama ni mazima, ila kiharusi kimemnyang'anya upande wa kushoto. Cha kulia anakiona vizuri. Cha kushoto, kwake hakipo.

Tungeweza kulificha jambo hilo, na nakiri tulijaribu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Wiki ileile Mama alipokea simu ya mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Aliyekuwa karibu ni dereva tunayemwita Breki, kwa sababu hajui breki ni ya nini.

"Mama, unaniona?" Breki akaita.

"Sikuoni, mwanangu."

"Nipo hapa nje ya kituo, taa zinawaka!"

"Sikuoni."

Mimi nilikuwa namwona kutoka mezani kwangu. Kidoa cha rangi ya chungwa kilikuwa kinameta kwenye skrini ya Mama ya kushoto, peke yake, hakuna hata kingine cha kumchanganya. Nikanyakua redio. "Nakuona, Breki. Nenda." Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na mama yake mzima. Lakini Mama Redio alivua vipokea sauti vyake akaviweka mezani taratibu.

"Kilikuwa wapi?"

"Kushoto, mama."

Akageuka, akatafuta. "Kushoto wapi?" akaniuliza.

Mkubwa alituita sote. Alisema kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka kwamba daktari wa Mama atakuja, Mama atajaribiwa asubuhi nzima, madereva watazunguka mjini kweli na simu za mazoezi zitapigwa. Akipoteza gari hata moja, atakwenda kupumzika.

"Kupumzika ni kwa waliochoka," Mama akajibu. "Mimi nimechoka lini?"

Mbele yake alikuwa ngangari. Tulipobaki wawili jikoni pale ofisini, akishikilia sinki, hakuwa ngangari. "Nina hofu, mwanangu, sikufichi," akaniambia. "Nikikaa nyumbani nitaongea na nani? Na masufuria?"

Nilikuwa na hasira na Mkubwa kiasi kwamba nilimpitia koridoni bila salamu. Kona yeye hakukasirika. Alikuwa ameshavuta kiti mezani kwa Mama, ametoa kalamu mojawapo, na kalamu ya Kona ikitoka mfukoni ujue kuna jambo.

"Ni ile sahani," akaniambia. "Umeigeuza sahani. Mimi nageuza madirisha."

Akaandika mpangilio wa pili, akauita "redio mpya". Ramani aliitoa skrini ya kushoto akaipeleka skrini ya kulia. Simu zikabaki kati, na vitanda vikasogezwa kwenye kipande cha chini cha skrini hiyohiyo ya kati. Skrini ya kushoto aliiacha nyeusi, tupu, isimsumbue mtu. Kila simu zilipopungua tulikuwa tunamkalisha Mama, anaandika "redio mpya", madirisha yanaruka kila moja kwenye nafasi yake, nami najifanya dereva mjinga.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona. Tena umepotea."

Hakukosea hata mara moja. Mara moja tu aliinua uso akauliza, "Kifaranga changu mmekibandua? Tangu nirudi sijakiona."

"Kipo palepale, mama," nikasema. "Kwenye skrini ya kushoto."

"Basi kinisubiri," akasema, akarudi kwenye ramani.

Asubuhi ya jaribio Kona alikuja na shati jeupe jipya. Daktari wa Mama, mwanamke mchangamfu mwenye viatu vya raba, aliketi nyuma yake. Mkubwa akasimama kando, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuna kucha. Akatangaza masharti: hakuna atakayemsemesha Mama, hakuna atakayegusa meza yake. Akiketi ni yeye na kazi yake.

Mama akaketi. Akarekebisha kitambaa kichwani, akashusha pumzi, akaandika "redio mpya", akabonyeza.

Madirisha yakaruka. Simu, kati. Vitanda, chini yake. Na ramani, hiyo ramani tuliyoifanyia kazi yote ile, ikaenda ikatua barabara kwenye skrini ya kushoto.

Nilimtazama Kona. Uso umemwisha damu. Alikuwa anahesabu mistari yake kichwani, nilimwona midomo inacheza, na hakupata kosa. Akainua mguu aende mezani, Mkubwa akainua mkono. Masharti.

Simu ya kwanza ikalia. Mama akaipokea vizuri, akauliza anwani, akatulia. Kisha redio ikakoroma.

"Mama, unaniona?" Ni Breki. Kati ya madereva wote, lazima awe Breki.

Mama akatazama kulia kwake. Nyeusi. Hakuna ramani, hakuna gari, hakuna kitu.

"Mama? Unaniona?"

Nikabana mikono katikati ya magoti nisiinyakue redio. Mama alikuwa anaitazama ile skrini nyeusi kwa makini, kuanzia juu kushuka chini, kama mtu anayekagua chumba alimowahi kulala zamani. Kisha uso wake ukafunguka.

"Eh!" akasema. "Wewe umefikaje huku?"

Daktari akainama mbele. Mkubwa akaacha kucha. Mama alikuwa anaongea na kifaranga. Kifaranga chake cha manjano kilichokuwa kimebandikwa kwenye skrini ya kushoto siku zote, kilikuwa kinamtazama kutoka kulia kwake.

"Hujahama peke yako," akakiambia. "Umehama na nyumba yako."

Kisha akacheka kile kicheko chake cha tumboni, akavuta kibodi, akafuta neno "mpya". Likabaki "redio" peke yake, jina lake la zamani, mpangilio wa kabla ya kiharusi. Akabonyeza.

Madirisha yakaruka tena. Ramani ikaondoka kushoto ikaja kujaa kwenye skrini ya kifaranga, upande ule anaouona, na vidoa vyote vya rangi ya chungwa vikawaka.

"Nakuona, mwanangu," akasema kwenye redio. "Nilikuwa natafuta miwani."

Hana miwani.

Kuanzia hapo ilikuwa raha tupu. Simu zilikuja mbilimbili, akazigawa. Magari yalizunguka, akayafuata. Vitanda vilikuwa vimeangukia skrini ya kushoto sasa, maana ndivyo ule mpangilio wa zamani ulivyo, lakini kila alipovihitaji aliigeuza shingo mpaka akavipata, kama daktari alivyomfundisha. "Vitanda havikimbii," akatamka, kama anayejisemea. "Kinachokimbia ni magari." Hakupoteza hata moja. Mwisho daktari alifunga faili lake akapiga makofi, kisha akajikumbuka, akayaacha hewani.

"Abaki," akasema. "Zamu za mchana, awe na mwenzake karibu, na kliniki asikose. Lakini abaki."

Nilimrukia Mama shingoni. Sina aibu. Katikati ya zile kelele, Mama akainua kidole.

"Sawa. Sasa nataka kujua. Nani amenigeuzia nyumba?"

Mimi nikamtazama Kona, Kona akanitazama mimi. Ndipo Mkubwa akakohoa. Sauti ya mtu yule asiyejua kuipandisha, ilipanda.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuja jana jioni na fundi umeme. Nilijua ramani yako hukaa kushoto. Nikafikiri, kama ile sahani... Nikaichukua skrini ya kushoto nikaileta kulia, na ya kulia nikaipeleka kushoto, pamoja na nyaya zake. Nilitaka ukiketi uikute ramani upande wako." Akafuta jasho. "Sikujua kuna mtu ameshaihamisha."

Ilichukua muda kidogo mpaka ikatuingia. Kompyuta haina macho, haijui skrini imesimama wapi mezani, inachojua ni waya. Kona aliigeuza sahani kwa skripti, Mkubwa akaigeuza tena kwa mikono, na sahani iliyogeuzwa mara mbili hurudi ilipokuwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sote tulimpenda mwanamke mmoja, na kwa mapenzi hayo nusura tumfukuzishe kazi.

Kona ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akateleza na kukaa sakafuni na lile shati lake jeupe, hakujali. Kisha daktari, kisha mimi. Mkubwa alijizuia kadiri alivyoweza, halafu akashindwa, na nikagundua kwamba anapocheka hutoa sauti nyembamba kama ya mlango. Nilimsogelea nikampa mkono, salamu zote za wiki nzima nilizomnyima.

"Lakini wewe," Mkubwa akamwambia Kona akiwa bado anahema, "ulishaandika mpya. Kwa nini ule wa zamani hukuufuta?"

Kona alikuwa anajipangusa suruali. "Mama yangu hakunifundisha kufuta, Mkubwa."

Mkubwa hakuelewa. Mimi nilielewa.

Fundi umeme aliitwa arudishe skrini mahali pake, lakini Mama akamkataza. Zikae hivyo hivyo, alisema. Anataka kila asubuhi akiketi aandike jina lake lilelile, na kifaranga awe anakiona.

"Basi kazi yako imekwenda bure," nikamchokoza Kona. "Wiki nzima ya 'redio mpya', haina mwenyewe."

"Haijaenda bure," akasema. "Imetandikwa. Iko siku mtu ataihitaji." Akazirudisha kalamu mfukoni, zote upande mmoja.

Tulikuwa hatujamaliza hata kumwandalia daktari chai. Simu ikalia mezani kwa Mama, na hii haikuwa ya mazoezi. Baba mmoja, kifua kinambana. Mama akavaa vipokea sauti, akamtuliza, akachukua anwani, akatazama ramani yake upande wa kifaranga, akaita gari. Na redio ikakoroma ile sauti tunayoijua.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona, mwanangu," Mama Redio akasema. "Tena umeshaanza kukimbiza kabla sijajibu. Punguza, kata kona ya pili kulia, mgonjwa yuko mlangoni anakusubiri."